Habari Njema Kwanza

Mwezi uliopita nilipanda milimani Kilolo kutafuta kaburi la bibi. Nilihesabu hatua kutoka kisimani, mia moja na ishirini, kisha kushoto. Nikakuta mipaina, mistari kwa mistari. Jiwe lake la kusagia, tulilomwekea kichwani kama alama, halikuwepo. Nilihesabu mara tatu.

Unajua, nilipokuwa na miaka saba, kila tulipomaliza kuvuna bibi alinipeleka hapo hapo, kwenye kaburi la babu. Alikoroga unga wa ulezi na maji baridi kwenye kibuyu; kanga yake ikinuka moshi. Alisalimia, "Kamwene," kisha akatoa habari: mahindi yamejaa kihenge, ng'ombe kazaa jike, jirani kaezeka bati. Ndipo akamwaga unga ule kaburini. Sheria ilikuwa moja: habari njema kwanza, shida mwisho, babu asije akadhani tunamkumbuka tukikwama tu.

"Bibi, anasikia kweli?"

"Wee mume wangu mdogo, ukiwa jikoni nikakuita toka kisimani, unaniona?"

"Sikuoni."

"Mbona unakuja?"

"Naogopa fimbo."

Alicheka mpaka kibuyu kikamwagika. "Basi huyu naye alikuwa ananiogopa. Atasikia tu."

Jumapili alikuwa kanisani, benchi la mbele, akiimba sauti ya pili.

Nilikua, nikajisomea. Nyumbani Mbeya nina daftari la hoja za pande zote mbili, kama wafu wanasikia au hawasikii. Wanaosema ubongo ukizimika mtu ameisha, sijapata cha kuwajibu. Wala halikunisumbua, mpaka masika haya tulipomzika binti yangu, akiwa na miaka kumi na tisa. Kaburi lake lina vigae vyeupe. Nasimama pale, neno halitoki. Ndiyo maana nilimfuata bibi. Nilitaka amtafute huko, amwambie baba yake anamwita.

Sasa hakuna kihenge, hakuna jiwe, na aliyejua kuita amelala chini ya mti nisioujua ni upi. Nilikoroga unga kwenye kikombe cha plastiki, nikasalimia. Nikasema mvua zimenyesha vizuri. Maharage yamekubali. Barabara imechongwa mpaka shuleni. Nikatafuta habari njema nyingine, sikuipata.

Ilikuwa zamu ya shida. Unga ulikuwa umetuama chini ya kikombe. Nikaukoroga tena, nikaanza upya na mvua.