Ushuru wa Gunia Lenye Mimba

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa koti la buluu na kitabu cha risiti, nikasimamishwa kwenye lango la soko dogo huku juu ya Timau. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne tu, lakini gunia nalijua. Kazi ilikuwa kutoza ushuru, ile pesa mchuuzi analipa ndio soko lipate maji, choo na mtu wa kufagia. Gunia moja, risiti moja. Kiroba nacho, hata kiwe kidogo namna gani, risiti moja.

Asubuhi moja lori likafika na viazi vya lumbesa. Lumbesa ni gunia lililoongezwa kichwa kwa wavu na kushonwa kwa kamba, mpaka moja linabeba karibu mawili. Nyuma ya lori alisimama Mama Kagwiria, mjane, na viroba viwili, maana mgongo wake haukuweza gunia zima. Viazi vyake havikujaza hata nusu ya lumbesa moja, na yeye ndiye wa kulipa mara mbili!

"Mathe, kata risiti," mwenye lori akasema. "Kwani hili ni gunia ngapi?"

"Ni moja," nikamwambia, "lakini lina mimba. Lipia na mtoto."

Wanawake kwenye foleni walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwenye lori akamwita Inspekta wa soko, mkubwa wangu.

"Mama Kendi, sheria inasema gunia. Haisemi unene."

"Sawa, Inspekta. Na nikishona viroba vya huyu mama viwe kitu kimoja?"

"Shona, uone kama kesho utashika kitabu."

Binti yangu Kendi alikuwa sekondari, na karo ilitoka kwa mshahara huo. Hata hivyo niliomba sindano ya magunia, nikashona viroba mdomo kwa mdomo, nikakata risiti moja.

Kesho yake nikapewa ufagio, na mshahara ukapungua. Nilifagia hapo, nikafagia soko la Gakoromone, hadi nikastaafu. Kendi alimaliza shule. Leo ni mwalimu, ananung'unika akikatwa kodi. Namwambia lipa, barabara haijitengenezi.

Mimi mwenyewe sijatulia. Kila siku ya soko naenda kusimama pale langoni. Vijana wa ushuru, walionifanya nyanya yao, wananiambia, "Cucu, rudi nyumbani upumzike."

Nawauliza, "Lile lori la lumbesa linaloingia limelipa risiti ngapi?"

Wakinijibu kwamba limelipia na mtoto, nitapumzika.