Mashine Yangu Haiuzwi

Mashine ya ngoma aliniletea kaka yangu kutoka Dubai, alipokuwa akifanya kazi melini, mwishoni mwa miaka ya tisini. Ilikuwa nyeusi, pana kiasi cha sinia dogo, na ina vitufe vya mpira ambavyo ukivigonga kwa kidole vinatoa ngoma, kofi, kayamba, sauti yoyote unayoitaka. Mama aliigeuzageuza akauliza kama inapika. Nikamwambia inapika, lakini si wali.

Nyumbani kwetu Malindi, hapa Unguja, ngoma zilikuwa za wanaume. Baba alipiga dumbak, ngoma ndogo ya kupakata, katika taarabu ya zamani, akawafundisha kaka zangu. Mimi niliambiwa vidole vyangu ni vya kushonea. Nikajifunza peke yangu, kwa kugonga bati la biskuti nikisubiri chai ichemke. Kwa hiyo mashine ilipofika sikumwomba mtu ruhusa. Haina ngozi ya kuwamba wala haipakatwi, basi wakakosa la kusema, ingawa walilitafuta sana.

Kwa mashine hiyo niliingia katika kikundi cha rusha roho, taarabu ya kisasa ya kinanda na mipasho. Kiongozi wetu alikuwa mtu mzima, sote tukimwita Mwalimu. Waimbaji wanawake walikuwepo tele. Mwanamke anayepiga nilikuwa mimi tu, na nafasi ile niliipenda kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho.

Lazima nieleze kazi yenyewe, maana watu hudhani ni kubonyeza tu. Harusini wimbo hauna urefu wake. Mwanamke akisikia ubeti unaomgusa, au unaomgusa hasimu wake, hunyanyuka na noti mkononi, akaja akicheza taratibu ukumbi mzima ili kila mtu amwone, mpaka amtunze mwimbaji. Ubeti ule ni wake mpaka afike. Kazi yangu ilikuwa kumtazama. Akiwa bado yuko njiani nayarudia mapigo yale yale, akikaribia naongeza kofi, akishatunza nagonga kitufe twende mbele. Hakuna aliyenifundisha hilo, na wala halifundishiki kwa mtu asiyetaka kutazama watu.

Basi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili mkwe wa Mwalimu, mume wa binti yake, akarudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta yake begani. Ndani yake mlikuwa na programu ya kutengenezea biti. Kipya kinyemi, ingawa kidonda: kikundi kizima kilimzunguka pale chumbani kwetu Ng'ambo, tunapofanyia mazoezi, wakitazama vipande vya rangi vinavyopangwa kwenye kioo. Na mimi nilitazama. Nilikaa naye mara nyingi, nikashika kipanya, nikapanga vipande vyangu, na besi yake ilitikisa madirisha kuliko mashine yangu ilivyopata kufanya. Sikuwahi kusema kompyuta ni mbaya. Anayesema nilisema ananisingizia.

Tatizo ni kwamba yeye aliutengeneza wimbo mzima nyumbani kwake, mwanzo mpaka mwisho, kisha harusini anabonyeza mara moja na kukunja mikono.

"Na watunzaji?" nikamuuliza.

"Watatunza, dada."

"Na wakiwa hawajafika?"

"Watafanya haraka."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Hakuna mwanamke wa Unguja anayekwenda kutunza haraka. Lakini nilikuwa nacheka peke yangu. Siku ile ile Mwalimu aliniita mbele ya wote.

"Mwanangu, hicho kidude kiuze. Yuko mtu Darajani ananunua. Ukitaka kubaki na sisi, kaa na waimbaji, uwe unaitikia."

"Mwalimu, usiache mbachao kwa msala upitao."

"Huu haupiti. Ushafika huu."

"Basi mie siitikii. Na mashine haiuzwi."

Nilitoka kwa hasira hata mlangoni nikavaa viatu vya mtu mwingine, na sikurudi kuvibadilisha. Siku zote zilizofuata nilikuwa nikigonga mashine chumbani mlango umefungwa, na roho inaniuma. Ninasema wazi: iliniuma. Mama alikuwa akipita ukumbini akisema kwa sauti ya kusikika kwamba kuitikia nako ni kazi, na mimi nilikuwa nikiongeza sauti.

Harusi yao ya kwanza na kompyuta ilikuwa ya binti wa jirani yetu, kwenye ukumbi mmoja huko Amani, baada ya alasiri. Nilikwenda nikiwa mwalikwa, nimevaa nikavalika. Shangazi wa bibi harusi alikuwa mama mmoja mnene, mguu mmoja unamsumbua. Mtaa mzima ulijua kwamba wifi yake, dada wa mumewe, amepita nyumba kwa nyumba akisema binti yule hatapata mume. Wifi mwenyewe alikuja, tena akakaa mstari wa mbele. Ulipofika ubeti wa wasemao ya watu na yao yamewashinda, shangazi akanyanyuka. Vigelegele vikapaa. Akaja taratibu, bega hili, bega lile, noti juu.

Alikuwa katikati ya ukumbi muziki ulipokatika. Wimbo ulikuwa umekwisha. Kompyuta ilimaliza ilichopangiwa. Mwimbaji akabaki mdomo wazi. Shangazi akabaki na mkono hewani, na katika ule ukimya wifi akacheka.

Nilikuwa na haki ya kufurahi, na kidogo nilifurahi. Kisha nikauona uso wa yule mama, na hasira zikanipanda. Nikaanza kupiga meza kwa viganja, mapigo yale yale, pale pale yalipokatikia. Wanawake wa meza yangu wakadaka, wa meza ya pili wakadaka, wengine kwa makofi, wengine kwa visahani, na mwimbaji akarudi kwenye ubeti. Mkwe akababaika na kipanya, akafungulia wimbo mwingine juu yetu. "Zima!" walimpigia kelele, naye akazima. Shangazi akafika. Akatunza. Akageuka, akacheza tena mbele ya wifi yake, hana haraka hata chembe, na sisi tukampigia mpaka alipotosheka.

Siku ya pili Mwalimu akaja nyumbani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, mama akamletea chai.

"Jumamosi tuna harusi," akasema. "Njoo na mashine. Utakaa nyuma ya mkwe wangu, akikwama umshikilie."

"Kompyuta nnaijua, Mwalimu. Nshakaa nayo. Aje nayo, besi yake nzuri. Lakini yeye ndiye akae nyuma yangu. Nikimwashiria aanze, nikimwashiria anyamaze."

"Yule mwanamme, na ni mkwe wangu."

"Najua. Na mie si akiba ya mtu."

Alicheka, akasubiri na mimi nicheke. Sikucheka. Akamaliza chai yake, akaondoka bila ya kusema ndiyo wala siyo.

Jumamosi nilifika kabla ya wote, nikachomeka mashine karibu na mwimbaji, nikakaa kitako. Mkwe alipoingia na kompyuta yake alinitazama mimi, kisha akamtazama Mwalimu. Mwalimu akamwonesha kwa kidevu: nyuma.