Masharubu na Orfeo wa Shaba

Zulma alikuwa dada mrembo tu, lakini karakana nzima ya uchapaji pale Brussels ilimwita Masharubu. Kosa la nani? La pua. Kazi yake ilikuwa kupangusa wino kwenye mabamba ya shaba ya kuchapia picha kwa kiganja kitupu, na Jumapili moja akaenda misa bila kunawa sawasawa. Pua ikawasha, akajikuna, basi. Padre alipomlisha komunyo alikodoa macho. Odiel, mzungusha gurudumu la mashine, akamsubiri mlangoni: "Babu, misa imekwisha salama?"

Jina likaganda. Na Zulma, usiniulize kwa nini, akampenda huyohuyo.

Mwaka ule Bwana Maertens, mchoraji wa ndoto na ukungu, alitaka sura ya Orfeo, yule mwimbaji wa Wagiriki aliyemfuata mkewe Euridike hadi kwa wafu, akakatazwa kitu kimoja: kugeuka nyuma. Kimoja tu, jamani! Akageuka, mke akapotea. Odiel akasimama mbele ya Maertens, shingo imegeuka, ujira wake bia, akachorwa palepale juu ya shaba.

Baadaye Odiel akapanda meli kwenda Amerika. "Nitakuita," alisema. Kimya mpaka leo.

Picha nyingine ya Odiel haikuwepo. Zulma alibaki na lile bamba. Kila akipangusa wino anamkuta, kovu juu ya jicho la kushoto, mahali pake. Kwenye karatasi kila kitu hugeuka, kovu linahamia kulia. Huyo si Odiel, ni binamu yake fulani.

Kisha nakala walizoahidiwa wateja zikatimia. Desturi ni kulikwaruza bamba msalaba mkubwa, asije mtu akachapa nyingine kwa siri, halafu shaba ikayeyushwe. Mzee Gommaire, mwenye karakana, akaleta chuma chenye ncha.

"Nipe mimi," Zulma akasema.

"Pitisha katikati ya uso, Masharubu. Usimwonee huruma."

"Huruma ya nini? Jitu lenyewe limenikimbia!"

Wakacheka. Akakandamiza chuma. Mstari mmoja ukamkata Euridike, wa pili ukapita kifuani mwa Orfeo. Uso ukabaki mzima.

Gommaire akainama, akatazama, akakohoa. "Umeteleza, eh?"

"Nimeteleza, Baba Gommaire."

Nakala moja ya ushahidi huchapwa baada ya msalaba. Siku hiyo mashine ilizunguka mara mbili. "Hii ya pili imeharibika," mzee akasema, akamtupia. "Kawashie jiko."

Jiko gani! Zulma akaibandika ukutani kwake, mkabala na kioo. Akakaa akiipa mgongo, macho kwenye kioo. Odiel akatokea nyuma ya bega lake, kovu limerudi kushoto, anamgeukia kama zamani.

Yeye hakugeuka. Angegeuka, angemkuta yule binamu.

Haya, na wewe uliyekaa kimya hapo: uso wa nani umeuficha, na kwa ujanja gani? Mwaga yote hapo chini. Kama ameshaoa, jina kaa nalo.