Eunice, mpiga pondo anayepita juu ya nyumba za watu

Saa kumi na mbili asubuhi, kusini kidogo ya Liuli, Eunice anashusha tanga la boti yake ya mbao, anachomeka pondo majini na kuita, "Hodi hapa!"

Mbele yake hakuna nyumba. Kuna ukungu, na maji yaliyotulia kama yaliyomo mtungini. Lakini chini ya boti mafiga matatu yanaonekana wazi, na kizingiti cha mlango.

"Dada, unawabishia hodi samaki?" anatania abiria mmoja, mchuuzi wa usipa, dagaa wa ziwa hili.

"Ndio wenye nyumba sasa. Toa mkono majini, kaka."

Mchuuzi anautoa upesi.

Hapa palikuwa kitongoji cha Lindoro. Ziwa lilipopanda, watu walihamia mlimani, wakaacha kuta na makaburi. Sasa mama huyu wa miaka arobaini na sita huvusha abiria juu yake. Kuyazunguka mawe yaliyo nje ziwani huchukua saa mbili. Kupita huku, nusu saa. Lakini ukuta mmoja waweza kupasua boti.

Alfajiri moja mwaka jana, mwera, ule upepo mkali wa msimu, ukivuma, alimpakia Avelina akiwa na uchungu wa kujifungua, ampeleke hospitali. Mama mkwe wake, Ottilia, alimshika kiuno. Nje ya mawe boti isingepita, kwa hiyo Eunice akaingia Lindoro.

Wapiga pondo wote hulizunguka kaburi la Mzee Pankras, mume wa Ottilia, kwa upande wa ziwa. Hakuna apitaye juu ya mtu. Siku ile mawimbi yalikuwa yanavunjika upande huo huo.

"Ilibaki kupita juu yake, au kupita uani mwa nyumba yake," anasema Eunice. "Nikaona aibu, mkewe yumo botini. Nikaenda uani."

Alisahau kwamba Ottilia alikuwa amejenga jiko jipya uani kabla ya maji kuja. Boti ikapanda juu ya ukuta wake. Ubao ukapasuka, maji yakaanza kuingia. Avelina akalia kwa sauti.

Ottilia hakumlaumu mtu. Alivua kitenge chake cha juu, akakisokota, akakishindilia kwenye ufa. Kisha akamwambia Eunice taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia:

"Rudi nyuma, mwanangu. Pita juu yake. Alipokuwa hai hakumzuia mtu kupita."

Eunice alirudi nyuma, akaielekeza boti kaburini. "Shikamoo, baba," akasema. "Tuna mgonjwa."

Anapofika hapa katika kusimulia, anakunjakunja pembe ya kanga yake.

"Pale kina ni cha kiunoni, nimepapima mara nyingi. Nikashusha pondo, halikugusa chini. Nikalizamisha mpaka mkono wangu ukalowa. Hakuna kitu. Na boti inakwenda! Taratibu, bila kutikisika, kama imeshikwa huku na huku."

"Labda mkondo," anakisia msikilizaji mmoja.

"Labda," anakubali kwa upole. "Lakini maji ya pale hayana mkondo."

Avelina yeye anakumbuka baridi tu, na ukimya. Mwera ulikuwa hausikiki kabisa. Alijifungua mtoto wa kike hospitalini kabla ya jua kuwa kali. Ottilia alirudi ufukweni kumpelekea Eunice uji, akamkuta bado ameketi botini.

Tangu siku ile wenzake wengine hawathubutu kupita Lindoro. Eunice ameagiza mianzi kutoka Maguu. Anataka kuisimika njia nzima iwe alama kabla mwera haujaanza tena, ili hata asiyekijua kitongoji apitishe mgonjwa salama. Mwanzi mmoja lazima ukae kaburini, na kila kijana aliyeombwa kuuchimbia amepata udhuru.

Ottilia, ambaye hajui kuogelea, amesikia habari hizo.

"Huo mmoja mniachie," amemwambia Eunice. "Nishikeni kiuno tu, nitausimika mimi. Asije akashtuka kwa mkono asioujua."