Gari la Kijani la Baba

Mwaka jana baba aliuza gari lake la kijani, la chuma tupu, lililonizidi umri. Mnunuzi, mpenzi wa magari ya zamani kutoka Dar es Salaam, alilipakia kwenye lori kule kwetu Uwemba, akalipeleka kwa fundi Makambako lifufuliwe kwanza. Baba akaniomba nimpeleke akalione likiwaka kwa mara ya mwisho.

Tuliondoka nyasi zikiwa nyeupe kwa umande ulioganda. Gari langu ni la kisasa, la kawaida tu. Nilibonyeza kitufe likawaka, nikafungulia hita. Baba akavua kofia yake ya sufu, akaanza.

“Haya yenu ni redio zenye matairi. Likizima, fundi anatafuta kompyuta. Lile langu nilikuwa nalifungua kwa spana mbili.”

Aliendelea hivyo mpaka tukapita Njombe mjini. Maisha yangu yote nimemsikia akilisifu gari lile. Hasimulii jinsi mimi na mama tulivyokuwa tukilisukuma asubuhi, miguu peku, yeye kwenye usukani akifoka, “Ongezeni nguvu!”

Wala hasimulii siku mama alipoanza kutokwa damu alfajiri, mimba ikiwa ya miezi saba. Jirani yetu alikuja na pikapu yake mpya, akaiacha inanguruma uani. Baba akamwambia, “Nina gari langu.” Akazungusha hendeli ya kuliwashia. Akazungusha tena. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimempakata mama kichwa kwenye kiti cha nyuma, nalisikia gari likikohoa na kuzima, likikohoa na kuzima. Baba alipokubali hatimaye jirani atuchukue, jua lilikuwa limeshapanda juu ya mikaratusi. Mama alifika hospitali akiwa hai. Hakurudi.

“Baba,” nilisema tulipokaribia Makambako, “kwa nini siku ile ulimkatalia jirani?”

Nilikuwa sijawahi kumuuliza.

“Pampu ya mafuta ilishaanza kugoma tangu Jumapili,” akasema. “Nilijua. Lakini yule bwana alikuwa akinicheka kilabuni, mwanangu. Analiita gari langu kopo.”

Basi. Miaka yote hiyo nilidhani ni baridi iliyolizuia gari kuwaka.

Kwa fundi, gari lilitoa moshi mweusi, likatetemeka, likawaka. Watu wakapiga makofi, mnunuzi akapiga picha. Baba aliegemea boneti akalia kama mtoto. Mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi karibu hapo akaniambia, “Mshike mzee, ana uchungu.”

Sikumshika. Kwenye mazishi ya mama hakulia hivyo. Nilikwenda kukaa garini nikamsubiri, na alipomaliza nikamrudisha nyumbani.

Siku hizi nampelekea unga na dawa zake kila Jumamosi. Naviweka mlangoni, naondoka kabla hajanikaribisha chai.