Ugali wa Ngong

Mideva wa Shauri Moyo alikuwa na uchovu usioisha hata akilala. Siku za kazi alikaanga samaki Gikomba, na mtu yeyote wa kanisa lao akioa, akibatiza mtoto au akifa, sufuria ilikuwa yake. Alikuwa amepikia matanga mengi mpaka ikasemwa kwamba marehemu wenyewe hukawia kidogo kwenda mbinguni, wanuse kwanza mchuzi wa Mama Vivian, kama walivyomwita.

Basi akina mama wa kanisa walipokodi basi waende kupanda vilima vya Ngong na kupunga upepo, Mideva alimwambia mwenyekiti wao, Koki, "Nitakuja, lakini mwiko sishiki. Siku moja tu nami niketi, nipakuliwe."

"Nani atakuambia upike, Mama Vivian? Wewe ni mgeni wetu," Koki akasema, akitazama kando.

Kule vilimani upepo ulikuwa wa kung'oa kope. Ng'ombe walikula majani wakiwa wameuegemea. Ukitulia ghafla, wote chini. Wenzake walipowasha moto karibu na basi, Mideva alitandaza leso nyuma ya kichaka, akajinyoosha. Magoti ndiyo kwanza yameanza kumshukuru, Lorraine akatokea, bibi arusi wa juzi tu.

"Mama, samahani. Maji yamechemka. Tutie unga kiasi gani?"

"Muulize Koki."

"Ndiye amenituma."

Mideva akakunja leso yake. Akapanda kilima cha kwanza akipumua kama gari moshi la zamani. Hajaketi vizuri, Koki huyo, anahema.

"Mama Vivian, sikwambii upike. Niambie tu, moshi umeingia kwenye ugali ama ni macho yangu?"

"Ni macho yako."

Akasimama tena. Hivyo ndivyo maswali yalivyomfukuza, kilima hadi kilima, mpaka kile ambacho mbele yake hakuna kingine. Waliokuja kupanda walibaki chini wakipuliza moto, na aliyekuja kulala ndiye aliyefika juu. Upande mmoja Nairobi yote ilionekana kama unga uliomwagika. Upande wa pili Bonde la Ufa limefunguka mpaka macho yanachoka. Mideva hakutazama huku wala huko. Alilala, na wanasema upepo ulipotulia, mkoromo wake ndio ulioendelea kuzungusha mapanga ya ile mitambo ya umeme wa upepo iliyosimama vilimani.

Alipoamka alikuta akina mama wamemzunguka, wamepanda na sufuria ya ugali. Koki alimpa sahani, na wote wakamtazama mdomo.

Alimega, akatia kinywani. Ugali ulikuwa umeungua nje na katikati ni mbichi, una madonge yanayoteleza menoni. Mideva akawasoma nyuso. Akikunja kipaji tu, watasema hakuna kama Mama Vivian, na mwiko utamngoja kwenye matanga yajayo na yatakayofuata, mpaka yake mwenyewe, ambapo pengine watamtoa sandukuni aje aonje chumvi.

Akameza. Donge likashuka kooni likitafuta njia.

"Nani amesonga huu?"

Lorraine akainama. "Ni mimi, mama."

"Mwanangu! Hawa walikuwa wamekuficha wapi siku zote?"

Koki akatoa macho. "Mama Vivian, huu?"

"Huo huo. Mbele ya huyu, mimi naona haya kushika mwiko tena. Matanga, harusi, kila kitu, mpeni yeye. Ameshafuzu."

Koki akatafuna donge lake ambalo halikutaka kuisha.

"Kama ni mtamu hivyo," akasema mwishowe, "lete sahani nikuongeze."

Kubishana kungehitaji nguvu, na Mideva hakuwa nazo. Akanyoosha mkono. Koki akampakulia donge la ukubwa wa kichwa cha mtoto, kisha akina mama wakakaa chini, leso magotini, kumwangalia akila. Akala. Akalimaliza lote, machozi yakimtiririka, na kila aliyemuuliza alimjibu kwamba ni huu upepo.