Ringi ya Pipa

Harufu ya dizeli na dagaa wabichi ndiyo iliyotupokea kwenye kivuko Jumamosi ile ya Julai 1996. Tulikuwa wasichana saba wa shule ndogo ya wazazi upande wa Sengerema, tukivuka kwenda Mwanza kwenye mashindano ya mpira wa kikapu ya sekondari. Nilikuwa na miaka kumi na saba na bado nipo kidato cha pili, kwa kuwa nilianza darasa la kwanza nikiwa na miaka tisa. Shule yetu haikuwa na mwalimu wa hisabati. Shule moja kubwa ya bweni mjini ilikuwa ikichukua wachezaji hodari kutoka shule ndogo, nami niliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote duniani.

Ringi tuliyofanyia mazoezi niliiagiza mimi. Mwezi Februari mwalimu wetu wa historia, ambaye hakuwahi kucheza mchezo huo, alinituma kwa mhunzi.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Upana gani?”

Sikupewa vipimo, na niliona aibu kusema sijui. Nikaonyesha mkanda wa chuma wa pipa la mafuta uliokuwa umeegemezwa ukutani.

“Huo hata ndama anapita, mwanangu!”

“Ndivyo vipimo vyenyewe,” nikajibu bila kupepesa macho.

Kwa miezi mitano sikukosa. Nilirusha kwa nguvu, mpira ukienda moja kwa moja, na wenzangu, ambao wote walikuwa wadogo kwangu, wakaamini nina kipaji. Nami nikaamini.

Nilipoiona ringi ya Mwanza, ndogo kuliko yetu, nilielewa papo hapo, nikaingia uwanjani hivyo hivyo. Mpira wa kwanza uligonga chuma ukarudi. Wa pili vilevile. Wenyeji wakaangua kicheko: “Nyie wa ng’ambo, mnafukuza ndege kwenye mpunga?” Kabula, nahodha wetu, aliniletea kila mpira alioupata. “Rusha, dada,” alinihimiza, “wewe hukosi.” Hakuacha kuniamini hadi filimbi ya mwisho, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Tulifungwa hamsini na mbili kwa nne. Mwalimu wa shule kubwa, aliyekuja kuchagua wachezaji, alikuwa amefunga daftari lake kabla ya mapumziko.

Novemba 1998 nilifeli hisabati na masomo mengine manne. Mwaka 1999 nikaolewa. Mume wangu alifariki mwaka 2014, nikarudi darasani, na mwaka 2018, nikiwa na miaka thelathini na tisa, nikamaliza kidato cha sita. Watu hunipongeza kwa kutokukata tamaa, nami hupokea pongezi hizo kwa heshima, kichwa juu. Siwaambii kwamba nilitaka kuwa mhandisi. Cheti nilichonacho kimeandikwa jina langu, lakini msichana aliyekihitaji hayupo tena wa kukipokea.